Kabla Hujagonga Muhuri: Namna ya Kumhudumia Mteja Ambaye Akili Yake Inatia Shaka

Simu huwa ni ile ile. "Kaka, nina mzee hapa ofisini, wanawe wamemleta asaini mauziano ya kiwanja. Naona kama hayuko sawa. Nigonge nisigonge?" Anayepiga ni wakili kijana ambaye muhuri wake bado unanuka mpira mpya, na nyuma yake nasikia watu wakihimizana kwa sababu meli ya kurudi Nansio haimsubiri mtu.

Nimejibu swali hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa naliandikia. Mwongozo huu ni wako wewe Kamishna wa Viapo na Mthibitishaji wa Umma uliyeanza kazi juzi, na ni wa karani wako pia. Karani ndiye anayemwona mzee kabla yako, na mara nyingi anaona zaidi.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa pili na muhuri niligonga mkataba wa kiwanja kilichokuwa upande wa Igoma, hapa Mwanza. Muuzaji alikuwa mzee mpole, kanzu safi, fimbo imelazwa magotini. Nilimsomea mkataba wote, na kila aya alijibu, "Eeh, eeh, sawa mwanangu." Nikafurahi kupata mteja msikivu. Miezi kadhaa baadaye nikaitwa shahidi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba. Wakili wa upande wa pili hakuniuliza sheria hata moja. Aliuliza tu: "Mzee mwenyewe alikuambia nini kuhusu kiwanja hiki?" Nikapekua kichwani, nikakuta "eeh" peke yake. Kisha binti yake akaeleza kwamba baba yao siku hizo alikuwa akiijibu hivyo hivyo hata redio.

Sheria kidogo, halafu tuendelee na kazi

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinataka anayeingia mkataba awe mtu mzima, awe na akili timamu, na asiwe amezuiwa na sheria nyingine. Kifungu cha 12 kinasema akili timamu ni nini: wakati anapoingia mkataba, mtu awe anaweza kuuelewa na kupima kwa busara utakavyogusa maslahi yake. Neno la kulikamata hapo ni "wakati". Mgonjwa wa akili ambaye ana vipindi vya kuwa sawa anaweza kuingia mkataba ndani ya vipindi hivyo. Mtu ambaye siku zote ni mzima, lakini leo amelewa chakari au anaweweseka kwa homa, hawezi mpaka hali itulie.

Kwa hiyo hupimi kama mteja ni "mzima" au "mgonjwa". Unapima jambo dogo zaidi: leo, saa hii, karatasi hii, ameielewa? Mama anaweza kuwa na uwezo wa kuapa kwamba jina Maria na Mariamu ni la mtu mmoja, na siku hiyo hiyo asiwe na uwezo wa kuweka nyumba rehani benki.

Kifungu cha 16 kinahusu ushawishi usiofaa, na kinamgusa waziwazi mtu ambaye akili yake imedhoofishwa na umri, maradhi au dhiki. Mashaka ya akili na shinikizo la ndugu mara nyingi hufika ofisini kwako kwenye bajaji moja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chumba chenye mlango unaofungika. Kama ofisi yako ni meza moja kwenye korido, azima chumba kwa jirani.
- Viti viwili vya kimo kimoja. Usimhoji mzee aliyezama kwenye sofa huku wewe uko juu kama hakimu.
- Maji ya kunywa na biskuti. Nitaeleza kwa nini.
- Miwani ya kusomea ya akiba, ile ya bei nafuu ya mtaani, namba mbili tatu tofauti.
- Nakala ya waraka kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili. Kama waraka wenyewe ni wa Kiingereza, uwe na tafsiri uliyoisoma mwenyewe kabla mteja hajafika.
- Mkalimani asiye ndugu wa familia. Mwanza hii utahitaji Kisukuma kuliko vingine, lakini atakuja Mkerewe, Mjita, hata Mha. Tafuta watu wako mapema na uwe na namba zao.
- Pedi ya wino ambayo haijakauka.
- Daftari gumu lenye kurasa zilizopewa namba. Kwangu hili ndilo la kwanza, muhuri ni wa pili.

Hatua kwa hatua

1. Anzia kwenye simu

Mfundishe karani maswali matatu: Anayepiga ni nani kwa mhusika? Nani analipa? Baada ya kusaini, nani anapata nini? Mwana anayepiga simu, analipa, na kiwanja kinaenda kwake hajafanya kosa lolote. Ila ujue hivyo mapema.

Panga miadi asubuhi, saa tatu au saa nne. Wazee wengi wenye tatizo la kusahau huwa na nafuu asubuhi, na jioni huchanganyikiwa zaidi. Ukiambiwa "tutakuja saa kumi na moja, tunatoka Sengerema", sema hapana, waje kesho.

2. Msalimie mhusika kwanza

Wakiingia watano, macho yako yamtafute mwenye saini. "Shikamoo mzee," au kama ni mama wa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Halafu nyamaza. Angalia nani anaitikia. Kama kila ukimuuliza mama jambo binti ndiye anajibu, hiyo ni habari, iandike.

Kwa wakati huo huo soma mwili bila kukodoa macho. Amevaa sweta kichwa chini? Ananuka gongo? Mdomo umeelekea upande mmoja? Hakuna hata kimoja kinachomtoa mtu kwenye uwezo, lakini kila kimoja kinakuambia pa kuanzia.

3. Toa ndugu nje

Hapa ndipo vijana wengi wanashindwa, kwa adabu. Kwetu si rahisi kumwambia kaka mkubwa wa familia akakae kwenye benchi. Lakini bila hatua hii hatua nyingine zote ni maigizo.

Usilifanye jambo la kumshuku mtu. Lifanye la ofisi: "Shikamooni wote. Utaratibu wa hapa, anayesaini anakaa na mimi peke yake robo saa. Hata angekuja mkuu wa mkoa na mama yake, angengoja hapo nje." Wacheke, watoke. Karani awape maji, afunge mlango.

Mwana akisema, "Lakini mama haongei bila mimi," mjibu kwa upole kwamba ndiyo maana unataka kumsikia. Akikataa kabisa kutoka, kazi imeisha. Usigonge.

Ni kweli wapo wazee wanaoogopa kubaki peke yao na wakili. Hapo mruhusu mtu anayemwamini ambaye hana fungu kwenye waraka: jirani, mama mchungaji, dada wa kanisa au msikiti. Akae nyuma ya mteja, asionekane usoni, asifungue mdomo.

4. Ondoa vizuizi kabla ya kumhukumu

Nusu ya "wazee waliochanganyikiwa" niliowahi kuletewa walikuwa hawasikii. Sogea karibu, uso wako uwe kwenye mwanga, sema polepole kwa sauti nzito kidogo. Kupiga kelele hakusaidii. Mpe miwani ajaribu.

Muulize amekula saa ngapi. Mtu wa sukari aliyetoka Ukerewe alfajiri, akachoma sindano ya insulini halafu hakula, sukari inaweza kushuka akaongea kama mlevi. Sasa unajua biskuti ni za nini. Ila akizidi kulegea au kutoka jasho jingi, waite ndugu, apelekwe hospitali, waraka utangoja.

Muulize dawa anazotumia. Dawa kali za maumivu na za usingizi humfunika mtu. Malaria kali, nimonia, na kwa wazee hata maambukizi ya njia ya mkojo, vinaweza kumfanya mtu aweweseke wiki hii na awe sawa kabisa baada ya matibabu. Huyo haumkatai, unamwahirisha.

Aliyepata kiharusi ana jambo lake. Wapo waliopoteza maneno lakini akili imebaki nzima. Anajua anachotaka, ulimi haumtii. Mwache aoneshe kwa kidole, achore, atikise kichwa. Muulize jambo lile lile kwa namna mbili, moja jibu lake liwe ndiyo na nyingine liwe hapana. Akitikisa "ndiyo" kwa zote mbili, simama hapo.

Na kama lugha yake ni Kisukuma, ongea Kisukuma au mwite mkalimani wako. Mtu anayejikongoja kwa Kiswahili cha sokoni anaweza kuonekana mpungufu, kumbe kwa lugha yake angekuchambulia mpaka wa shamba mti kwa mti.

5. Fanya maongezi, siyo mtihani

Wengi wamesoma mahali fulani kwamba mtu hupimwa kwa kuulizwa tarehe ya leo na jina la rais. Mvuvi wa dagaa aliyezeeka kwenye mwalo anaweza asijue leo ni tarehe ngapi na akawa mzima kuliko wewe. Kalenda yake iko juu. Muulize: "Sasa hivi ni giza au mbalamwezi?" Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, mbalamwezi watu hupumzika na kushona nyavu. Akikujibu "giza limeanza juzi, vijana wameingia ziwani", huyo yuko kwenye wakati wake.

Miaka nayo iulize kwa matukio. "Ulinunua eneo hili kabla au baada ya MV Bukoba kuzama?" Hapo unajua kama ni kabla ya Mei 1996. Wengine watakupimia kwa vita vya Kagera, mvua za El Nino, au MV Nyerere ya 2018. Ni maswali ya heshima, na majibu yake yana uzito kuliko jina la rais.

Kisha ingia kwenye waraka. Unatafuta mambo manne, kwa maneno yake mwenyewe:

Kwanza, hii ni karatasi ya nini. Pili, inahusu kitu gani: kiwanja kipi, kiko wapi, nani anakaa hapo. Tatu, baada ya kusaini maisha yake yatabadilika vipi. Nne, kwa nini ameamua hivyo na siyo vinginevyo.

Usiulize swali linalojibika kwa "ndiyo". Usiseme, "Mama, unaelewa kwamba unauza nyumba?" Sema, "Mama, nieleze, leo umekuja kufanya nini?" Halafu funga mdomo wako. Kimya cha nusu dakika kinachosha, lakini mwache mama ndiye akivunje.

Haya ni maongezi ya aina ninayotaka:

"Mama, umekuja kufanya nini leo?"
"Nimekuja kuweka dole. Nyumba ya Mkuyuni."
"Nyumba imefanyaje?"
"Tunampa Yohana."
"Kumpa akae, au iwe yake kabisa?"
"Iwe yake. Mimi nitabaki na chumba cha uani."
"Huo uani mmeuandika humu?"
"Aaa, sijui. Yohana alisema umo."

Haumo. Niliusoma mkataba mara mbili. Mama huyu ana akili timamu kabisa. Anajua nyumba, anajua mtoto, anajua anachotaka. Asichojua ni kwamba karatasi inasema jambo jingine. Hapa tatizo ni waraka, siyo akili, na dawa yake ni kurudisha waraka ukaandikwe upya. Ningemuuliza "Unaelewa?" angesema "Ndiyo", na kwa haki kabisa.

Na haya ni yale ya kukusimamisha:

"Mzee, ukishauza shamba, utakaa wapi?"
"Shambani."
"Lakini shamba litakuwa la mwenye kununua."
"Ndiyo, la kwake. Mimi nitalima."
"Atakuruhusu?"
"Nani?"

Usimsahihishe mara kumi mpaka apatie. Ukimfundisha jibu, unachosikia baadaye ni sauti yako mwenyewe.

Tahadhari: uamuzi usioupenda siyo dalili ya ugonjwa. Mzee akitaka kumuuzia jirani na kuwanyima wanawe, na akakueleza kwamba hawajamtembelea tangu mama yao azikwe, hiyo ni sababu. Inauma, lakini ni sababu.

6. Subiri dakika kumi, uliza tena

Zungumza mengine: sangara wamepanda bei, mvua, wajukuu. Kisha rudi: "Hebu nikumbushe, ile karatasi ilikuwa ya nini?" Jibu lisimame pale pale, hata kama maneno yatabadilika. Mtu mwenye tatizo la kumbukumbu anaweza kukueleza vizuri sana saa tatu na dakika tano, na saa tatu na robo akakuuliza wewe ni nani.

7. Amua

Njia ni tatu tu. Unagonga, unaahirisha, au unakataa. Hakuna njia ya nne ya "nigonge halafu wataona wenyewe".

Ukiahirisha, sema kwa sababu gani na mpaka lini: atibiwe homa, aje asubuhi, alete mkalimani, au alete barua ya daktari. Kuhusu barua hiyo, usikubali ile ya mstari mmoja inayosema "mgonjwa ni mzima". Mwandikie daktari swali kamili: "Je, kwa hali ya leo, mgonjwa anaweza kuelewa kwamba anauza kiwanja chake, na kwamba baada ya hapo hatakuwa na haki juu yake?" Hospitali ya Bugando na Sekou Toure wana madaktari, mteja aende na barua yako, siyo na maneno ya mdomo. Na hata daktari akiandika ndiyo, hatua ya 5 bado ni yako. Barua yake ni ya siku aliyomwona, muhuri wako ni wa siku ya kusaini.

Ukikataa, maneno yangu ni haya: "Sijasema mzee ni mgonjwa wa akili. Nimesema mimi leo siwezi kuapa kwamba ameelewa." Usimbandike mtu jina mbele ya watoto wake. Huku kwetu mama mzee akishaitwa "amechanganyikiwa", uvumi wa uchawi hauko mbali, na tunajua vikongwe wa Usukumani wamelipia uvumi huo kwa damu. Kwenye daftari langu pia siandiki "kichaa". Naandika nilichosikia na nilichoona.

8. Sainisha

Waite ndugu sasa kama unataka. Soma waraka kwa sauti, mteja asaini au aweke dole mbele yako, siyo kwenye gari. Kama kulikuwa na mkalimani, jina lake na lugha viingie kwenye waraka, naye asaini kwamba ametafsiri kwa ukweli.

Jaza sehemu yako kwa ukweli. Sheria ya Wathibitishaji wa Umma na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inataka jina lako, mahali na tarehe halisi ya kiapo, na ueleze kama mwapaji unamfahamu wewe binafsi au ametambulishwa kwako na mtu unayemfahamu. Kama uliapisha Misungwi kando ya kitanda, usiandike Mwanza. Kama ni tarehe 14, usiandike 10 kwa sababu benki ilitaka 10. Na kama wewe ndiye wakili wa mmoja wa wahusika kwenye shauri hilo au una maslahi humo, huna ruhusa ya kuwa kamishna wa viapo hapo. Mpeleke kwa mwenzako.

9. Andika kabla chai haijapoa

Hili daftari ndilo litakalosimama kizimbani nawe miaka minane ijayo. Mfano wa kuandika:

"Saa 3:20 asubuhi. Mama M., kitambulisho cha NIDA nimekiona. Ameletwa na wana wawili, walikaa nje dakika 25. Lugha Kisukuma, mkalimani S. (si ndugu). Nilimuuliza amekuja kufanya nini, akasema: 'Nauza shamba la bondeni kwa mwalimu, nipate hela ya mguu.' Alitaja mipaka mitatu. Alisema atabaki na shamba la juu. Nilirudia baada ya dakika kumi, jibu ni lile lile. Alipewa miwani. Ameweka dole la kulia."

Maneno yake yawe kwenye alama za kunukuu. "Nilijiridhisha kwamba ana akili timamu" peke yake ni sentensi isiyokusaidia; hata mimi nilikuwa nayo kwenye ule mkataba wa Igoma, imepigwa chapa vizuri kabisa.

Mtego wa "pawa"

Nimeupa nafasi yake kwa sababu ndio unaoleta simu nyingi. Familia inakuja: baba ameanza kusahau, wanataka hati ya uwakilishi, ile watu wanaiita pawa, ili mwana mkubwa amsimamie mali "hata hali ikizidi".

Hapo kuna mambo mawili ya kuwaambia. La kwanza, baba lazima awe na uwezo siku anapoitoa, na hati ya kumkabidhi mtu mali zote inahitaji uelewa mkubwa kuliko barua ya kuchukua pensheni ya mwezi. La pili ndilo linalowashangaza: chini ya Sheria ya Mikataba, uwakala hukoma aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Maana yake pawa huisha nguvu siku ile ile familia inapoihitaji zaidi. Mwana akiendelea kuuza viwanja kwa hati hiyo, anajichimbia shimo yeye na mnunuzi.

Njia ya halali, baba akishafika huko, ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa mahakama kuangalia hali ya mtu na kuteua wa kusimamia mali zake. Ni mlolongo, ni gharama, na watakununia. Waeleze hivyo hivyo. Na kama baba bado ana siku zake nzuri, mwambie yeye mwenyewe, peke yake, afikirie wosia sasa. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea kuandika na kuhifadhi wosia.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

Mteja yuko wodini. Nenda, usiletewe karatasi. Muulize nesi wa zamu kama amepewa dawa ya usingizi au ya maumivu leo na saa ngapi. Omba pazia lifungwe na ndugu watoke. Ukikuta anasinzia katikati ya sentensi, rudi kesho.

Ana kadi ya kliniki ya afya ya akili. Kadi siyo jibu. Watu wengi wanaotumia dawa zao vizuri wanafanya kazi, wanalea, wanauza na kununua. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kumfukuza mtu kwa sababu ya kadi tu ni ubaguzi. Anza hatua ya 1 kama kwa mteja mwingine yeyote.

Amelewa. Usijadili. "Mzee, karibu kesho kabla hujapita popote."

Mama amekuja kutoa ridhaa ya mwenza kwa mkopo wa mume. Ridhaa hizi zinagongwa kama karanga, na ndizo zinazorudi kuniuma masikio. Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Mtoe mume nje. Muulize mama mkopo ni wa shilingi ngapi na nini kitatokea wasipolipa. Kama hajui kiasi, hajaridhia kitu.

Anajibu vizuri lakini analia. Huenda akili iko salama na hiari haipo. Muulize, "Ukikataa kusaini, nyumbani kutakuwaje?" Jibu la swali hilo limenifanya nifunge kalamu zaidi ya mara moja.

Mtendaji ameandika barua kwamba mzee ni timamu. Barua ya mtendaji inasaidia kumtambua mtu na makazi yake. Haipimi akili. Ishukuru, iweke kwenye faili, endelea na maongezi.

Mkalimani anajibu kwa marefu kuliko mteja. Mzee kasema maneno mawili, mkalimani anakupa hotuba. Msimamishe: "Nipe maneno yake tu, hata kama hayana maana." Akirudia, mbadilishe.

Umeshagonga, na usiku huu hulali. Hutokea. Mpigie simu mhusika mwenyewe, omba aje tena, rudia hatua ya 3 na ya 5, na uandike yote kwa tarehe ya leo. Usiguse maandishi ya jana. Ukithibitisha kwamba hakuelewa, waandikie wahusika mapema kabla waraka haujafika kwenye usajili, na umtafute wakili mkubwa kazini akushauri.

Familia imeondoka kwa hasira, wanavuka barabara kwenda ofisi ya jirani. Utawaona dirishani. Usiwakimbilie, usimpigie jirani kumsimulia siri za mteja. Fungua daftari, andika saa, nani alikuja, alisema nini, na neno "nimekataa". Chora mstari chini yake. Kisha mwambie karani aite anayefuata.